Kamera za zamani na RAW zisizofunguka: wapiga picha wa Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu wa programu

Fundi Chuno
Wadau wa Kusini, habari zenu. Leo imeletwa mezani Nikon D70, ile ya 2004 yenye megapikseli 6, na mwenyewe ameshakata tamaa. Kila alikopita kaambiwa kamera imepitwa na wakati, RAW zake (picha ghafi, kabla hazijageuzwa kuwa JPEG) hazifunguki popote. Imenikumbusha kamera chungu nzima zilizoishia kabatini hapa Mtwara kwa maneno hayohayo, wakati mafaili yake ni mazima. Naomba kila mwenye uzoefu auweke hapa: kamera gani, programu gani, ilikwama wapi, ilifunguka vipi.

Naanza. Mtu akisema "haifunguki", kuna matatizo matatu tofauti na dawa zake hazifanani.

La kwanza, programu ya kiwanda ndiyo iliyokufa. Capture NX 2 ya Nikon haiwaki kabisa kwenye Mac zenye Catalina kuja juu, kwa sababu Apple waliondoa programu za biti 32 mwaka 2019. Faili halina kosa lolote hapo. Nikon wenyewe wana NX Studio, ya bure, na inasoma NEF, yaani RAW za Nikon, kuanzia D1 ya 1999.

La pili, programu haiijui kamera iliyotoa faili. Hili huwapata zaidi wenye kamera mpya na programu ya zamani. Lightroom 6, kwa mfano, iliongezewa kamera kwa mara ya mwisho kwenye toleo la 6.14, Desemba 2017. Mwenye D70 hili halimhusu.

La tatu ndilo linalopoteza watu: faili linafunguka, ila nyuso zimekuwa na ukijani au mawingu yamegeuka pinki. Programu imesoma pikseli, lakini haina vipimo sahihi vya ile sensa, yaani kile kinachonasa mwanga ndani ya kamera.

Kwa hiyo kabla hujamaliza bando kupakua programu nne, pakua exiftool peke yake, programu ndogo ya kusoma taarifa za faili, na uandike:

`exiftool -Make -Model -FileType -ImageSize DSC_0123.NEF`

Ikikujibu jina la kamera na ukubwa wa picha, kichwa cha faili ni kizima na kazi iliyobaki ni ya kuchagua programu tu. Ikilalamika kuhusu muundo wa faili, tatizo liko kwenye kadi au kwenye kunakili, na hakuna programu ya kuhariri itakayokusaidia.

Mwana Masasi
Naunga mkono. Hilo la tatu ndilo limejaa huku kwetu.

Kijana wa Mikindani
Fundi umesema vyema, ila mimi ningempeleka mtu darktable moja kwa moja. Ni ya bure, ipo kwa Windows, Mac na Linux, na kamera za zamani imezibeba nyingi mno. Angalieni mashine kwanza: inataka biti 64 tu, na RAM isipungue GB 4.

Watu huogopa kwamba ni nzito, lakini fanyeni hesabu. Ndani yake kila pikseli inashikiliwa kwa chaneli 4 za baiti 4, yaani baiti 16. Picha ya megapikseli 6 inachukua MB 96 kwa kila nakala iliyoko kwenye memori. Ya megapikseli 24 inachukua MB 384, na nakala huwa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Laptopu inayokwama na picha za kamera mpya inaweza kwenda vizuri tu na D70 au Canon 300D. Kamera ya zamani na mashine ya zamani vinaelewana.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi hupotezi picha. Marekebisho yanaandikwa pembeni kwenye faili dogo, `DSC_0123.NEF.xmp`, na RAW yenyewe haiguswi. Ukihamisha folda, hamisha na hizo xmp, la sivyo utaanza upya.

Newala Juu
Mnazunguka sana. Pakua Adobe DNG Converter, ya bure, geuza zote ziwe DNG, muundo wa RAW wa Adobe, futa za zamani, endelea na kazi. DNG ipo tangu 2004, maelezo yake yako wazi, kila programu inaisoma.

Fundi Chuno
Kila programu isipokuwa za Nikon na Canon wenyewe, ndugu yangu. NX Studio haifungui DNG. Ukishafuta NEF umejifungia mlango wa kurudi kwenye rangi za kiwanda, na DNG hairudi kuwa NEF isipokuwa kama uliweka alama ya kubeba faili asilia ndani yake, jambo ambalo linafanya faili liwe karibu mara mbili. Kugeuza ni sawa. Kufuta ndiko nakokataa.

Newala Juu
Mtu ana diski iliyojaa, unamwambia aweke nakala mbili?

Fundi Chuno
NEF ya D70 ni MB 5 hadi 6. Elfu moja ni GB 6 kwa makisio ya juu. Flashi ya GB 64 inabeba elfu kumi. Hakuna sababu ya kufuta.

Newala Juu
Haya, nimekuelewa kwenye D70. Ila kwa mwenye Lightroom ya zamani DNG inabaki njia pekee, na hapo sibadilishi msimamo.

Kijana wa Mikindani
Hapo Newala yuko sahihi. Ila wanaogeuza waangalie mambo mawili kwenye mipangilio: wasichague ubanaji unaopoteza ubora, na wasichague aina ya "linear", kwa sababu hiyo inakuwa imeshachanganya rangi za pikseli na faili linavimba kama mara tatu.

Mzee wa Nachingwea
Wanangu, mmesahau CRW. Canon D30, D60, 10D na 300D zinatoa CRW, na pembeni ya kila CRW kuna faili dogo la THM. Msitupe hizo THM, zina taarifa za picha ambazo baadhi ya programu huzisoma kutoka humo. CR2, RAW ya Canon iliyofuata, ilikuja baadaye, 2004.

Kwa mashine dhaifu kabisa mimi ni mtu wa dcraw, kazi ya Dave Coffin. Toleo la mwisho ni 9.28 la 2018, halitaongezewa kamera mpya, lakini zetu za zamani zote zimo. Haina dirisha wala vitufe, ni amri tu:

`dcraw -v -w -6 -T CRW_0456.CRW`

Hiyo `-w` inachukua mizani ya nyeupe iliyopimwa na kamera, `-6` inatoa biti 16, `-T` inatoa TIFF. Ukiisahau `-6` utapata biti 8, na ukianza kuinua vivuli utaona ngazi za rangi kwenye kuta na angani. Kisha TIFF unaifungua kwenye GIMP au chochote ulichonacho.

Halafu mjue LibRaw, iliyo ndani ya programu nyingi sana za leo, ilizaliwa kutokana na dcraw. Kwa hiyo dcraw ikifungua faili lako, uwezekano ni mkubwa kwamba programu yenye dirisha itakayolifungua ipo. Ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Kilwa Masoko
Nina swali linalonisumbua. Picha za magofu Kilwa Kisiwani, jua la saa sita, kuta za matumbawe zinawaka. Kamera ikionyesha JPEG yake, anga ni nyeupe. Nikifungua RAW, ile nyeupe ni pinki. Nimebadilisha mizani ya nyeupe mpaka nimechoka, pinki haitoki.

Fundi Chuno
Haitatoka kwa mizani ya nyeupe, kaka, maana mizani ndiyo inayoizalisha. Sikiliza mpangilio wake.

Kila pikseli ya sensa inaona rangi moja tu: nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kwenye mwanga wa mchana kijani ndiyo inayojaa kwanza. Programu ina namba inayosema "hapa ndipo sensa imejaa", inaitwa kiwango cha nyeupe. RAW ya biti 12 inaishia 4095, lakini sensa nyingi hujaa kabla ya kufika hapo, tuseme 3900 na ushee. Ikiwa programu inaamini 4095, basi kijani kilichokwama 3900 inakiona bado hakijajaa na haikati chochote. Inazidisha nyekundu na bluu ili kusawazisha, zinapanda juu ya kijani, na nyekundu pamoja na bluu bila kijani cha kutosha ni pinki. Ndiyo maana inatokea kwenye sehemu zilizoungua tu, uso wa mtu kivulini unabaki salama.

Dawa ni kuipa programu namba ya kweli. Piga picha moja iliyoungua yote, lenzi ielekee anga, shata ya polepole, ISO ileile uliyotumia kwenye magofu. Kisha:

`dcraw -D -4 -T angani.nef`
`identify -verbose angani.tiff`

Ya kwanza inatoa namba ghafi za sensa bila kuzigusa. Ya pili ni ya ImageMagick, itafute palipoandikwa "max". Hiyo ndiyo kilele cha sensa yako. Kwenye darktable nenda moduli ya nukta nyeusi na nukta nyeupe za RAW, andika namba hiyo au pungufu kidogo, pinki inakatika palepale. Ihifadhi kama mpangilio unaojiweka wenyewe kwa kamera hiyo na ISO hiyo, maana kuna kamera ambazo kilele hubadilika ISO ikibadilika. Kwenye RawTherapee, programu nyingine ya bure ya RAW, kuna kirekebishi cha nukta nyeupe kwenye kichupo cha RAW, na wanaotaka kudumu nayo wanaiandika kwenye faili la `camconst.json`.

Sehemu iliyoungua haitapata rangi ya bluu, hilo usilitarajie. Itakuwa nyeupe safi tu, jinsi inavyopaswa kuwa.

Mwana Masasi
Hii ihifadhiwe juu kabisa ya uzi.

Dada wa Tandahimba
Mnaongelea rangi, mimi naomba niongelee faili lenyewe, maana harusi moja ya huku msimu wa korosho ilikaribia kupotea yote. Watu walisema "RAW hazifunguki, kamera ya zamani". Kamera haikuwa na kosa.

Ilikuwa hivi. Kadi ya CF (CompactFlash), NEF mia tatu na zaidi. Aliyehamisha alitumia kukata na kubandika, siyo kunakili. Kompyuta ya mezani, haina betri. Katikati umeme ukakatika. Uliporudi, folda kwenye kompyuta ina mafaili, mengine yana KB sifuri, na kadi inaonyesha folda tupu. Kilichofuata ndicho kibaya: kadi ikarudishwa kwenye kamera, kamera ikaomba kufomati, mtu akabonyeza ndiyo. Siku hiyohiyo jioni kuna kumtoa bibi harusi, na kadi ni hiyohiyo.

Aliyeiokoa aliichomoa kabla hawajapiga nyingi. Kufomati kwa kamera kunafuta orodha ya mafaili, picha zenyewe zinabaki mpaka zipigwe juu yake. Kila picha mpya inafunika ya zamani, na hizo hazirudi kwa programu yoyote.

Kwanza alitengeneza nakala ya kadi nzima, `ddrescue /dev/sdb kadi.img kadi.map`, akaiweka kadi pembeni, haikuguswa tena. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, ikafanya kazi kwenye ile nakala. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: kwenye orodha ya aina za mafaili, NEF haina jina lake. NEF na CR2 ziko chini ya "tif". Mtu anaweka alama kwenye jpg peke yake, anapata JPEG zilizofichwa ndani ya RAW, anadhani RAW zimekufa. CRW ina mstari wake, MRW ya Minolta wake, ORF ya Olympus wake.

Zilirudi nyingi, majina yakiwa yamepotea, yamebaki ya namba. Zilizokuwa zimekatika vipande kwenye kadi zilitoka nusu picha nusu kijivu. Baadhi ya hizo RAW haikufunguka popote lakini JPEG ya ndani ilikuwa nzima, ikatolewa hivi:

`exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndani.jpg -ext nef folda`

Kwa hiyo nawasihi: NAKILI, usikate. Hesabu mafaili pande zote mbili. Fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ndipo ufomati, na ufomatie ndani ya kamera.

Ruangwa Picha
Mungu wangu. Kukata keki ilipona?

Kilwa Masoko
Na maharusi waliambiwa?

Dada wa Tandahimba
Keki ilipona. Msafara wa asubuhi ndio uliofunikwa na picha za jioni. Waliambiwa siku ileile, kabla ya malipo ya mwisho, na wakapewa kila kilichopatikana.

Newala Juu
Aliyebonyeza ndiyo asiguse kadi ya mtu tena.

Mama Shela wa Lindi
Jamani mnamuonea. Kamera ndiyo iliyomuuliza na ukumbi umejaa watu. Wekeni kadi za akiba, basi. Na mjue kamera nyingi za kabla ya 2006 zinazotumia SD hazijui SDHC (kadi za SD zinazozidi GB 2), zinataka kadi ya GB 2 kushuka. Nikon D100 yenye CF nayo inasoma FAT16 tu, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, kwa hiyo GB 2 ndiyo mwisho. Kadi ndogo kadhaa ni salama kuliko moja kubwa.

Turudi kwenye programu, maana nina langu la shela. D70 ina kichujio chepesi mbele ya sensa, kwa hiyo kitambaa chenye matundu madogo kinaleta mistari ya upinde wa mvua: shela, chandarua, kanzu ya mfumo mwembamba, suti. Watu wanaifuta kwa brashi, sehemu kwa sehemu, usiku kucha. Anzia kwenye hatua ya kuunganisha rangi za pikseli. Kwenye RawTherapee, kichupo cha RAW, baki na njia ya AMaZE kwa picha safi, kisha ongeza hatua za kuzuia rangi za uongo, 2 au 3, zinafika mpaka 5. Kwenye darktable ni ulainishaji wa rangi ndani ya moduli ya demosaic. Kwa picha za ukumbini zenye ISO 1600 jaribu LMMSE au IGV, zinavumilia chembechembe vizuri kuliko AMaZE, ambayo huzigeuza kuwa mistari ya nyoka. Usizidishe hatua, kitenge chenye nakshi ndogo kitaanza kupauka kwenye kingo.

Na ngozi zetu! Programu isiyo na profaili ya kamera inatumia jedwali fupi la rangi tu, na ngozi nyeusi kwenye kivuli inavutwa kwenye wekundu. Ukisakinisha DNG Converter, hata kama hutaki DNG, inakuja na profaili za kamera nyingi. Ziko hapa: `C:\ProgramData\Adobe\CameraRaw\CameraProfiles`. RawTherapee inazipokea, zile zenye mwisho wa `.dcp`: usimamizi wa rangi, profaili ya kuingiza, chagua ya kujiwekea mwenyewe. Jaribu kwenye uso wa mtu mzima na wa mtoto pamoja, ndiyo utaona tofauti.

Ruangwa Picha
Mama, asante kwa hilo la profaili. Lakini rangi za sensa za CCD za zamani zinazishinda kamera mpya zote, hata bila profaili. D200 inajulikana.

Kijana wa Mikindani
Hapana. Sensa inapima mwanga, rangi inatokana na vichujio vilivyo juu yake na profaili inayotumika. Ukiweka profaili nzuri kwenye kamera ya CMOS, aina ya sensa za kisasa, ngozi inatoka vilevile.

Ruangwa Picha
Macho yangu yanaona.

Mzee wa Nachingwea
Msigombane. Kwenye joto letu CCD ina shida ya uhakika isiyo na ubishi: mkondo wa giza kwenye sensa unaongezeka mara mbili kila nyuzi 6 hadi 8 za joto zinapopanda. Picha ya sekunde 20 usiku pale Shangani itajaa nukta nyekundu na nyeupe. Funika lenzi, piga picha za giza kwa ISO na shata ileile, palepale kabla kamera haijapoa. Zikusanye folda moja, waonyeshe RawTherapee, itachagua yenyewe inayolingana. Vumbi na madoa ya sensa nayo yana njia hiyohiyo: piga ukuta mweupe kwa lenzi ileile na tundu lilelile, uitumie kama picha tambarare.

Mwana Masasi
Vipi kwa asiye na kompyuta kabisa?

Newala Juu
Nenda studio ugeuziwe ziwe DNG (mnaona sasa?), uziweke kwenye simu, Snapseed inazifungua. NEF na CRW ghafi si kila simu inazikubali.

Ruangwa Picha
Au weka Lightroom ya kuchakachuliwa, vijana sokoni wanaiweka dakika kumi.

Fundi Chuno
Usimshauri mtu hivyo. Wanaoiweka wanaanza kwa kuzima kinga ya virusi, na kompyuta yenye picha za wateja ndiyo hiyohiyo. Kwa kamera hizi huhitaji: RawTherapee ni huria tangu 2010, haidai ufunguo, na haikufungii kazi siku leseni ikikataa.

Kilwa Masoko
Na Minolta je? Kuna Dynax 7D ya marehemu mjomba, mafaili ni MRW. Tovuti ya kiwanda siioni.

Mzee wa Nachingwea
Hutaiona, mwanangu. Konica Minolta waliacha biashara ya kamera 2006, wakaikabidhi kwa Sony. MRW inasomwa na dcraw, RawTherapee na darktable bila tabu. Tarehe zikiwa zimerudi nyuma kwa sababu saa ya kamera imekufa, zisogeze kwenye nakala: `exiftool "-AllDates+=3:2:0 0:0:0" folda`, yaani miaka mitatu na miezi miwili mbele. Exiftool inabakiza faili la mwanzo likiwa na mwisho wa `_original`, usilifute mpaka uhakikishe.

Dada wa Tandahimba
Hiyo 7D inatumia CF. Kabla ya kuchomeka kadi kwenye kisomeo cha kuazima, mulika ndani kwa tochi ya simu uone pini zote zimesimama. Pini moja iliyolala ikisukumwa inagusana na jirani yake, kadi haisomeki, na kamera utakayoichomeka baadaye inaweza kuharibika pini zake pia.